Magonjwa ya LeSabre

Tonawanda, New York
9 Machi 2025

Baba mkwe Semahoro,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Binti yako Florida anakusalimu, na mimi mkweo nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu yako huwekwa spika, na ninachotaka kusema si cha kusikilizwa na sebule nzima. Pasaka hii pia hatutaweza kuja Louisville. Krismasi nilikuambia ni theluji. Safari hii ni gari. Linakunywa maji. Asubuhi najaza, jioni nakuta chombo kitupu, na chini hakuna hata tone. Juzi nikienda kazini mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye nyekundu, ikabidi nisimame kando ya barabara lipoe. Safari ya kutwa nzima siithubutu, hasa nikiwa na binti yako ndani.

Siku ya harusi ulinipa funguo ukasema, "Hili ndilo litakaloniletea Florida." Kwa hiyo kila nikiliona limelala pale nje, naona haya. Nisamehe.

Mkweo,
Eliezer


Okolona, Louisville
17 Machi 2025

Mwanangu Eliezer,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Usiombe msamaha kwa ajili ya chuma. Lakini kwa kuwa umeniandikia kuhusu LeSabre, acha nikupe habari zake, maana siku ya harusi kulikuwa na ngoma na hatukuzungumza.

Jina hilo Buick walianza kuliuza mwaka 1959, wakaliacha 2005. Lako ni la 2003, basi ni katika vitinda mimba. Yalikuwa magari ya wazee: mapana, laini, kiti cha mbele kirefu kama benchi la kanisa, gia kwenye usukani. Nililinunua kwa mjane mmoja hapa Okolona ambaye marehemu mume wake alilipaka nta kila Jumamosi. Kambini Mtabila, tulipokuwa wakimbizi kule Tanzania, nilitembea kwa miguu miaka yote. Hilo ndilo gari la kwanza duniani kuandikwa jina langu. Limenipeleka ghalani zamu za usiku. Limempeleka mama mkweo hospitali, na siku tuliyomzika nilirudi nalo peke yangu.

Injini yake ni ngumu kama punda. Udhaifu wake ni plastiki. Kuna viwiko viwili vidogo karibu na alternata vinavyopitisha maji; vikizeeka vinavunjika kama biskuti. Kuna na ile sehemu ya juu inayoingiza hewa, nayo ni plastiki. Joto huila polepole mpaka maji yanapenya ndani ya injini. Ndiyo maana huoni tone chini. Gasketi zilizo chini yake nazo huchoka. Vioo vya milango hudondoka ndani ya mlango. Na huko kwenu chumvi ya barabarani hula mabomba ya breki. Hilo nilipaswa kukuonya mapema.

Fanya hivi. Fungua kifuniko cha oili utazame chini yake. Kama oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na usiliwashe tena hata mara moja. Niandikie ulichokiona. Nitapanda basi nije na spana zangu.

Nimekupa binti yangu na gari bovu kwa siku moja. Aibu hiyo ni yangu, si yako.

Baba yako,
Semahoro


Tonawanda
2 Aprili 2025

Baba mkwe,

Shikamoo. Nimefungua kama ulivyoelekeza. Ni chai ya maziwa kweli. Na sasa limeongeza jambo jingine: likishapata moto linazimika lenyewe. Fundi mmoja hapa anasema ni sensa ya injini, kile kifaa kinachopima mzunguko wake, kwamba magari haya yanajulikana kwa hilo.

Tafadhali usisumbuke kuja. Mgongo wako haufai kukaa kwenye basi. Fundi ameahidi kulishughulikia majira ya baridi yakiisha. Kazini napelekwa na Gasore, Mrundi mwenzetu, anakaa mtaa wa pili, kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu yetu. Florida yuko salama. Amebadilisha zamu, sasa anafanya asubuhi kule kwenye nyumba ya wazee.

Usiseme aibu ni yako, baba. Nakuomba usiseme hivyo tena.

Eliezer


Columbus, Ohio
11 Mei 2025

Eliezer,

Nakuandikia nikiwa kwa dada yangu Kostansia, nilikopumzika njiani. Florida atakuwa amekwisha kukuambia. Jana nilifika kwenu bila kubisha hodi kwa simu, gasketi mpya na viwiko vya chuma vikiwa ndani ya begi langu. Wewe ulikuwa kazini. Gari nililikuta limefunikwa na majani ya mwaka jana, magurudumu yamepungua upepo. Nikafungua kifuniko cha oili. Ilikuwa safi kama asali. Jirani yenu aliniazima waya za kushtulia betri, likashika mara ya kwanza. Nililizungusha mitaani mpaka likapata moto. Halikuzimika.

Barua yako ya mwisho ilinisumbua. Nilikuambia usiliwashe, nawe ukanijibu kwamba linazimika likipata moto. Gari lisilowashwa linapataje moto? Nikajiambia labda sikusoma vizuri. Kumbe nilisoma vizuri.

Nilimwuliza Florida kwa nini mume wake anabebwa kwenda kazini ilhali ana gari zima mlangoni. Aliangalia sakafu akasema, "Baba, msubiri mwenyewe." Sikutaka kukusubiri. Hapa Marekani sababu ya mwanamume kuacha gari lake na kupanda la mwenzake naijua, nimeiona kwa wengi: amekamatwa amelewa, wamemnyang'anya leseni. Kostansia aliponiuliza mbona nimerudi na gari la mkwe, ndivyo nilivyomjibu.

Kama ungekuwa hutaki kuniletea binti yangu, ungesema tu. Gari nimelichukua.

Semahoro


Okolona, Louisville
20 Mei 2025

Mwanangu Eliezer,

Naanza barua hii kwa mara ya nne.

Nilipoondoka Columbus gari lilikwenda vizuri mpaka Cincinnati. Nikavuka mto Ohio, nikaanza kupanda kile kilima kirefu cha upande wa Kentucky. Katikati ya kilima mshale ukapanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, nikasogea pembeni. Malori yalikuwa yananipita karibu kiasi cha kuitikisa kofia. Lilipopoa nilifungua kifuniko cha oili. Chai ya maziwa.

Nilikaa kwenye ule ukingo wa chuma wa barabara, mwanangu, nikajiona mdogo. Kumbe ugonjwa ulikuwemo muda wote. Siku niliyokuja mimi ulijificha, kama mtoto anayelia usiku kucha halafu akifikishwa kwa daktari anacheka. Wewe uliniambia kweli, nami nimekuita mwongo moyoni na mlevi mdomoni. Gari nimelichukua mlangoni kwako kama mwizi, mke wako akitazama.

Kwetu si kawaida mzee kumwomba msamaha mkwe wake. Nakuomba msamaha. Nimempigia Kostansia kulirudisha neno langu, lakini ameniambia amekwisha kulisema kwa kina mama wa kwaya. Gari nililivuta kwa winchi likafika. Neno sijui nilivute kwa kitu gani.

Nikilitengeneza nitalirudisha mwenyewe.

Semahoro


Tonawanda
1 Juni 2025

Baba mkwe,

Shikamoo. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yako. Msamaha wako umenishinda. Tangu barua ifike nimeiweka chini ya Biblia na siwezi kula vizuri.

Gari halikuwa likinywa maji. Halikuwa likizimika. Kifuniko cha oili sikuwahi kukifungua. Dalili zote nilizokuandikia nilizitoa kwenye mtandao na kwenye barua yako mwenyewe; uliponiambia niangalie chai ya maziwa, nikakurudishia chai ya maziwa. Lililokutokea pale kilimani nadhani ni kwa sababu liliachwa limesimama tangu mwaka jana. Hata hilo ni kosa langu.

Julai iliyopita nilianguka kiwandani. Nilikuwa nasimamia mashine, halafu nikajikuta sakafuni, Gasore amenishika kichwa, na suruali yangu imelowa mbele ya watu. Januari nikaanguka tena, nyumbani, mbele ya Florida. Daktari ameniambia ni kifafa. Nanywa dawa kila siku. Amenikataza kushika usukani mpaka utimie mwaka mzima bila kuanguka, na kiwandani wamenitoa kwenye mashine, sasa nabandika lebo kwenye maboksi. Pombe sijaonja tangu nibatizwe.

Wewe unajua kwa nini sikusema. Ulikuwepo Mtabila. Unamkumbuka Mariya, yule aliyekuwa akianguka kwenye foleni ya maji. Watu walikuwa wanakimbia na kuacha ndoo zao, halafu wanarudi baadaye kuziosha kwa majivu. Mimi nilikuwa mtoto, nami nilikimbia. Nilipoposa kwako sikuwa na ugonjwa huu, Mungu ni shahidi, lakini najua watu watasema nilikuja nao mfukoni. Ndiyo maana nilimkataza Florida asikuambie. Alilia, akatii.

Niliona ni heri unikasirikie kwa ajili ya gari.

Ukisema binti yako arudi kwako, sitasimama mlangoni.

Eliezer


Okolona, Louisville
13 Julai 2025

Eliezer,

Nimechelewa kukujibu. Florida amenipigia mara nyingi nami sikupokea. Nitakuambia sababu, kwa kuwa wewe umeniambia ya kwako.

Nilipomaliza kusoma barua yako, sikukuonea huruma kwanza. Nilikumbuka kikombe. Siku ile nilipokuja kwenu Florida alinipa chai, nami nikaanza kujiuliza kile kikombe kilikuwa cha nani. Nikaenda bafuni nikasukutua mdomo, wiki kadhaa zimepita, mtu mzima wa umri wangu. Nilipoinua kichwa nikajiona kwenye kioo na maji yananichuruzika kidevuni. Sikuweza kukuandikia siku ile, wala wiki ile.

Hapa kanisani kuna Mkongomani anaitwa Mushagalusa, ni nesi. Nilimvizia baada ya ibada kama mtu anayetafuta dawa ya siri. Nilimwambia namwulizia rafiki. Akanieleza kwamba ugonjwa huu hauambukizi, si kwa mate, si kwa kikombe; kwamba mtu akianguka, unamlaza ubavu, unamwekea kitu laini chini ya kichwa, humwekei kitu mdomoni, unasubiri, na ikizidi dakika tano unaita gari la wagonjwa. Halafu akaniambia, "Mzee, huyo rafiki yako mpe pole." Nadhani alijua.

Basi pole, mwanangu. Ilipaswa kuwa neno la kwanza.

Florida abaki kwake. Sijawahi kufikiria vinginevyo, na kama niliwahi, ilikuwa ni kwa muda mfupi na sitaki kuuzungumzia.

Gari limepona. Nimebadilisha gasketi na ile plastiki ya juu, na nimetia viwiko vya chuma. Mwezi ujao, Jumamosi ya mwisho, Kostansia anamwoza bintiye. Nitakuja kuwachukua. Kuhusu ugonjwa wako sitamwambia mtu. Hilo ni lako.

Baba yako,
Semahoro


Tonawanda
4 Septemba 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama.

Nina ombi. Nakumbuka tukiingia ukumbini kule Columbus. Nakumbuka wali ukipakuliwa. Baada ya hapo nakumbuka niko kwenye kiti cha nyuma cha gari, nje ni usiku, ulimi unauma, na wewe unaendesha. Katikati hapo hakuna kitu. Ulilala kwetu siku moja na hukugusia lolote, nami nikaogopa kuuliza. Nikimwuliza Florida anasema, "Yamekwisha." Gasore amesikia kwa watu mambo mawili tofauti na yote mawili yananichoma.

Ulikuwepo. Niambie ilivyokuwa, hata ikiwa ni mbaya. Usinifiche. Tumefichana vya kutosha.

Mwanao,
Eliezer


Okolona, Louisville
14 Septemba 2025

Mwanangu,

Nilifika salama. Nitakuambia yote, pamoja na yale ambayo ningependa kuyaacha.

Tulikuwa tumesimama mimi na wewe karibu na meza ya chakula. Ulikuwa unaniambia kitu kuhusu pilipili, ukanyamaza katikati ya neno, ukatazama ukutani. Halafu ukapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, ukaanguka chali. Kiti kimoja kilianguka nawe. Muziki uliendelea kidogo kisha mtu akauzima.

Watu walirudi nyuma. Mama mmoja alimvuta mwanawe kwa kola. Na mimi nilirudi nyuma, Eliezer. Nilikuwa nimeshika sahani, na nilirudi hatua mbili au tatu nikiwa nimeishika, na yote aliyonifundisha Mushagalusa yalinitoka. Aliyekimbilia kwako ni Florida peke yake, na gauni lake la sherehe. Alikulaza ubavu. Kichwa chako kilikuwa kinapiga sakafu, akawa anakizuia kwa kiganja, na huku anatafuta kwa macho kitu cha kuweka chini. Macho yake yalinipita. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu asiyetegemewa, akaendelea kutafuta.

Hilo ndilo lililonisogeza. Si upendo, nisikudanganye. Ni aibu. Niliweka sahani chini, nikavua koti, nikapiga magoti, nikalikunja chini ya kichwa chako. Mate yako yalinilowesha mkono wa shati. Mzee mmoja alisema nisikuguse. Nikamjibu kwamba wewe ni mtoto wangu.

Nyuma yangu mmoja wa kina mama wa kwaya alimwambia mwenzake, si kwa sauti ya chini, "Ndiye yule mlevi." Hapo nilibaki njia panda. Nilikuahidi sitamwambia mtu. Lakini kama ningenyamaza, uongo wangu ungekulalia pale sakafuni mbele ya ukoo mzima. Nikasema, "Hajalewa. Ni mgonjwa, ana kifafa. Maneno ya ulevi niliyazusha mimi, na nilikuwa nimekosea." Niliyasema nikiwa bado nimepiga magoti, kwa hiyo wengine hawakusikia vizuri, ikabidi niyarudie. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Nisamehe kwa kutoboa siri yako; sikuona njia nyingine.

Kutetemeka kuliisha kabla ya zile dakika tano, ukalala. Kostansia alileta maji na kitambaa, akakufuta uso mwenyewe. Suruali yako ilikuwa imelowa, akakufunika kwa kitenge. Bwana harusi na kaka yake walinisaidia kukubeba mpaka garini. Wengine waliondoka mapema. Wengine walikuja dirishani kukupa pole, nawe ulikuwa unawaomba msamaha mmoja mmoja bila kuwajua. Mimi uliniomba mara tatu. Mbili nilikujibu. Ya tatu nikawasha gari tukaondoka.

Kuna na hili, ambalo hulijui kwa sababu ulikuwa umelala. Tulipopita Cleveland nilikuwa namweleza Florida kwamba sijui nifanyeje na hili gari, nikiwaachia litaoza tena, nikilichukua mtabaki mnabebwa. Halafu akasema, "Baba, na mimi?"

Nikamwuliza na yeye nini.

Alifungua mkoba akanionyesha kibali cha kujifunzia udereva. Anacho tangu Aprili. Alifanya mtihani wa maandishi akitoka zamu, akashinda mara ya kwanza. Hakukuomba funguo kwa sababu aliona utajisikia kwamba umekwisha kabisa. Siku nilipokuja na kulichukua gari, kibali kilikuwa mkobani, na mimi sikumpa nafasi ya kufungua mdomo. Alikuwa anangoja mmoja wetu amwulize. Tumeandikiana kuhusu gari hili tangu Machi, mwanangu, viwiko, gasketi, sensa, na wala mimi wala wewe hatukuwahi kumwuliza.

Asubuhi yake, wewe ukiwa bado umelala, tulikwenda kwenye uwanja wa maegesho wa duka lililofungwa kule kwenu. Anashika breki kwa nguvu mno na anakata kona kama anageuza meli. Lakini anatazama vioo, na haogopi.

Mwezi ujao nalirudisha gari na kukaa kwenu wiki mbili mpaka afanye mtihani wa barabarani. Funguo nitamkabidhi yeye, wewe ukiwepo. Ukipanda naye, kaa kimya na utazame mbele. Mimi nilijaribu kumwelekeza kila kona. Alisimamisha gari, akazima injini, akaniomba kwa heshima zote nishuke.

Nilimtazama kutoka pembeni akizunguka peke yake pale uwanjani. Najua sheria hairuhusu. Sikumzuia.

Baba yako,
Semahoro